Ukifufua gari la mzee, rangi iwe ya mwisho

Gari aliloliacha mzee aliyefariki likikaa uani miaka na miaka, kitu cha kwanza kinachomkera mwenye gari ni rangi. Ndiyo maana wengi huanzia hapo. Anaitwa fundi bodi, linasuguliwa msasa, linapigwa praima, halafu hela inakata. Tembea mitaa ya mjini uchungulie nyua za watu, utayaona: bodi limeng'aa upande mmoja, milango imeegeshwa ukutani, injini iko chini ya turubai. Gari ambalo lilikuwa bovu lakini zima sasa ni vipande.

Ushauri wangu ni wa kinyume. Lisimame kwanza, kisha liwake, kisha litembee. Urembo baadaye. Gari linalotembea hata kama lina sura mbaya lina watu wa kulitetea nyumbani. Lililofunguliwa lote halichelewi kugeuka banda la kuku.

Letu ni Peugeot 504 ya stesheni, ile ndefu yenye viti vya safu tatu, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Tupo Tanga, na upepo wa bahari hauna huruma na bati. Nitakayosema yanahusu hasa 504, ila mengi yanafaa kwa gari lolote la rika hilo.

Kabla ya spana, karatasi. Kadi ya gari mara nyingi bado ina jina la marehemu, na gari la marehemu ni mali ya mirathi. Mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, huwezi kubadilisha jina, na hela unayotia inaingia kwenye kitu cha ndugu wote. Likiwa gofu hakuna anayelitaka. Likianza kuunguruma, kila mmoja anakumbuka kwamba mzee alimwahidi yeye. Sisi tulikaa na mama na wadogo zangu, tukaandika nani anachangia nini na kwamba haliuzwi bila wote kukubali. Shangazi yeye aliuliza kwa nini tusichange tu tukanunua Noah. Swali la haki kabisa, na kama shida yako ni usafiri, msikilize shangazi.

Jambo jingine la kupima mapema ni vipuri. Hapa 504 ina bahati. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na wakati kule walishaiacha, Kenya waliendelea kuiunganisha mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, kama Nigeria. Kwa hiyo vipuri vyake bado vinazunguka Mombasa na Nairobi, na sisi wa Tanga Mombasa tunaifikia kirahisi kuliko Dar. Sehemu nyingi za injini zinaingiliana na za pikapu ya 504 na za 505 ya petroli. Vile vya urembo, kama mikanda ya chrome na taa, ndivyo vigumu. Kuna L'Aventure Peugeot, taasisi inayotunza magari ya zamani ya kampuni hiyo, inauza baadhi ya vipuri, lakini piga hesabu ya nauli na ushuru kabla hujafurahi. Na kipuri chochote kibovu usikitupe mpaka kipya kimefungwa na kimekubali. Dukani ukisema "504" utapewa cha aina tatu. Ukiweka cha zamani mezani, mabishano yanaisha.

Sasa breki. Hizi hufa kimyakimya gari likiwa limekaa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo unakula masta silinda (pampu kuu ya breki) na silinda za magurudumu kwa ndani. Ungefungua ya kwetu ungekuta uji wa kahawia na pistoni imeganda kabisa. Usiridhike kwa sababu pedali inakaza mguuni. Fungua magurudumu yote manne, badilisha mipira, na mipira mirefu inayopeleka mafuta kwenye gurudumu badilisha hata kama kwa nje inaonekana mizima. Ile huvimba kwa ndani, breki inashika na haiachii. Dramu za nyuma zina vumbi. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Breki za enzi hizo zilichanganywa asbesto, na vumbi lake ni la kuharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupe. Fundi atakucheka. Mwache acheke.

Injini ambayo haijazunguka muda mrefu usiipige stata siku ya kwanza, hata kama nyumba nzima imekusanyika kusikiliza. Toa plagi. Kwenye 504 plagi hazionekani ovyo: zimezama ndani ya mashimo marefu yanayopita katikati ya kifuniko cha valvu, na unazifikia kwa spana ndefu ya bomba. Kabla ya kuzifungua mulika tochi humo ndani. Ukikuta oili imejaa shimoni, ujue mipira ya mashimo hayo imekufa; inyonye kwanza kwa bomba la sindano, la sivyo yote itamwagikia kwenye silinda pamoja na mchanga. Halafu tia oili kidogo kila silinda, acha ilale, kesho yake zungusha injini kwa mkono, ukiweka spana kwenye nati ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili na subira. Ikizunguka raundi nzima bila kukwama, una gari.

Petroli ya zamani tenkini hugeuka kitu chenye harufu ya vanishi, na chini kuna kutu. Usiipeleke kwenye kabureta. Jaribu kuwasha kwa kidumu kidogo cha petroli safi, kiwekwe mbali na ekzosi, tenki lenyewe lishushwe likasafishwe. Na mtu yeyote akisema atalichomelea tenki kwa sababu "liko tupu", mfukuze. Tenki tupu lenye mvuke wa petroli ndilo linalolipuka.

Wazee watakwambia injini hizi zilizoea petroli yenye madini ya risasi, ambayo kusini mwa Sahara iliondoka kufikia mwanzoni mwa 2006. Ni kweli ilizoea. Ila hedi ya 504, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini yenye viti vya valvu vya chuma vilivyopachikwa, na letu linakwenda na petroli ya kituoni bila kulalamika.

Adui wa kweli wa injini hii ni joto. Bloku, yaani mwili wa injini, ni la chuma, hedi ni alumini, na ikichemka mara moja sawasawa hedi inapinda. Kwa hiyo kabla ya safari yoyote, rejeta lipelekwe likazibuliwe, pampu ya maji iangaliwe, mipira yote ya maji ibadilishwe. Kisha angalia feni. Kiwandani 504 ilikuja na feni inayoshikwa na sumaku ya umeme: injini ikipoa inaachia, ikipata moto inashika. Kwenye magari mengi ya kwetu mafundi waliifunga moja kwa moja ili izunguke muda wote, au wakaweka feni ya gari jingine. Kuifunga siyo dhambi, inakula mafuta kidogo tu na kupiga kelele. Iliyo hatari ni ile ambayo sumaku imekufa na hakuna aliyegundua, ikawa inazunguka kwa hisani ya upepo.

Kama hedi lazima ifunguliwe, hapo ndipo fundi anapojulikana. Silinda za injini hii ni silivu zinazochomoka, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimekaa ndani ya maji na zimezibwa kwa chini yasivuje. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuchonga bloku. Unanunua silivu na pistoni zake, unapachika. Ubaya ni kwamba ukinyanyua hedi juu kwa pupa, silivu zinang'oka nayo, na maji yanashuka kwenye oili. Hedi hutikiswa kwanza mbele na nyuma mpaka iachie. Ikishatoka, mtu asizungushe injini hata kidogo kabla silivu hazijabanwa kwa boliti na washa. Wakati wa kufunga, silivu lazima zichomoze juu ya bloku kwa kiasi kinachopimwa kwa mia za milimita. Muulize fundi wako anapimaje. Akipapasa kwa kidole, mshukuru, mlipe nauli, tafuta mwingine.

Swali la pili la kumpima: gia boksi unatia oili gani? Wengi watajibu ile nzito, namba tisini. Hiyo ni ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Gia boksi ya 504 inakunywa oili ya injini, na ile nzito yenye dawa zake huiharibu taratibu. Anayelijua hilo bila kuambiwa amezigusa kweli.

Umeme nitaupitia haraka kwa sababu ndio ninaoupenda kidogo kuliko vyote. Vua redio, king'ora na kila waya uliofungwa baadaye kwa selotepu, rudisha ramani ya kiwanda, safisha sehemu za ethi, pale nyaya zinapofungwa kwenye bodi, mpaka chuma king'ae. Matatizo mengi yanaishia hapo. Ukiona fyuzi imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, zima kila kitu ukae chini ufuatilie waya huo mpaka mwisho.

Kutu ndiyo iliyotula hela Tanga. Inua mazulia, utazame sakafu. Kisha fungua boneti utazame pale shokapu za mbele zinaposhikilia bodi kwa juu, kwa sababu pakioza hapo siyo suala la sura tena. Chukua sumaku, izungushie kitambaa, pitisha bodi lote taratibu. Inapoacha kushika, chini kuna puti badala ya bati. Kwenye gari letu sumaku iliteleza mlango wa nyuma tangu kitasa hadi chini kama imewekwa kwenye sahani. Fundi wa zamani alijaza unene wa kidole. Palipooza pakatwe mpaka kwenye bati zima, pachomelewe bati jipya, papigwe praima siku hiyohiyo, kwa sababu kwa hewa yetu chuma kitupu kikilala usiku mmoja asubuhi kimeshageuka rangi. Betri itolewe na nyaya za altaneta zichomolewe kabla ya kuchomelea.

Katika yote haya, mimi nyumbani nilifanya kufungua, kusafisha, kuweka alama, breki, na umeme. Hedi, kuchomelea na kupima magurudumu niliwaachia wenye vifaa. Kila boliti ilikwenda kwenye mfuko wake wa plastiki wenye maandishi, na kila kitu kilipigwa picha ya simu kabla ya kuguswa. Jeki isiaminiwe kamwe. Weka stendi, au magogo manene, kabla hujaingiza hata bega.

Gari likishatembea, kilomita elfu za mwanzo za injini iliyofungwa upya zisiwe za kuonyeshana. Mwaga oili mapema, sikiliza, kaza tena vilivyolegea, na hedi irudiwe kukazwa kama fundi wako anavyoelekezwa na kitabu. Nenda nalo Pangani na kurudi, nenda Muheza, ulirudishe uangalie chini limedondosha nini.

Halafu fundi wa rangi atakuja. "Bosi, sasa tulipige, limalizike." Mwambie asubiri masika ipite. Mvua ya kweli ya mwezi wa nne itakuonyesha maji yanaingia wapi, jambo ambalo mpira wa kumwagilia hauwezi. Sisi tulijua kwa njia hiyo kwamba mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umekufa upande wa abiria, maji yakishuka nyuma ya dashibodi hadi kwenye sakafu tuliyoichomelea juzi. Kioo kikatolewa, fremu ikakutwa na kutu, ikatengenezwa. Rangi tumeipanga baada ya Idi, na bado wadogo zangu wanagombana kama iwe nyeupe ya zamani au ile ya samawati mama anayoitaka.