García: dubu, kijana, na jina la mamilioni

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mfuatiliaji wa ligi ya Hispania. Nikisoma majina kamili ya wachezaji, García halikosekani. Kumbe hata Sergio Ramos ni Sergio Ramos García. Je, hawa wote ni ukoo mmoja? Na jina lina maana gani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Si ukoo mmoja hata kidogo. García ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Hispania. Watu zaidi ya milioni 1.4 wanalo kama jina la kwanza la ukoo, yaani karibu 3 katika kila 100, na kundi kubwa kama hilo wanalo kama la pili, la upande wa mama. Ramos yumo katika hao wa pili: Ramos ni la baba, García la mama.

Chimbuko lake ni kaskazini, kwa Wabaski na majirani zao karibu na milima ya Pyrenees. Mwanzoni halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu, kama Juma au Hamisi. Katika karne ya 9 Pamplona ilitawaliwa na mfalme García Íñiguez, na baada yake wakaja wafalme wengine wa jina hilohilo. Kwenye hati za Kilatini za zama hizo utalikuta limeandikwa Garsea. Kuhusu maana, wataalamu wako pande mbili: wapo wanaolitoa kwenye neno la Kibaski hartz, yaani dubu, na wapo wanaolitoa kwenye gazte, yaani kijana. Dubu ndiye anayetajwa zaidi, na si ajabu, maana kuwapa watoto majina ya wanyama wakali lilikuwa jambo la kawaida. López, kwa mfano, limetokana na Lope, na Lope asili yake ni lupus, mbwa mwitu kwa Kilatini. Lakini anayekuambia García ni dubu, basi, bila kumtaja kijana, amekupa nusu ya jibu.

Mbona limeenea hivyo? Kwa sababu jina lilipendwa na wafalme na raia, na kila aliyeitwa García aliweza kuwa mwanzo wa ukoo wake. Falme za Kikristo zilipozidi kusonga kusini, walowezi wakaenda na majina yao. Ndiyo maana leo kuna koo za García chungu nzima zisizohusiana.

Wingi huo una matokeo yake. Mtu mwenye jina la kawaida mno mara nyingi hujulikana kwa la mama. Mshairi Federico García Lorca watu humwita Lorca. Mchoraji Pablo Ruiz Picasso alibaki Picasso. Waziri mkuu wa zamani José Luis Rodríguez Zapatero alijulikana kama Zapatero.

Swali: Hapa Mombasa tuna akina Fernandes, Rodrigues na Gomes. Je, ni ndugu wa Fernández, Rodríguez na Gómez wa Hispania? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Majina ni ndugu, watu sio. Anza na ule mkia -ez. Kazi yake ni ileile ya "bin" yetu ya Pwani. Rodrigo akizaa mtoto akamwita Fernando, mtoto huyo ni Fernando Rodríguez. Fernando naye akizaa Sancho, huyo ni Sancho Fernández, na mtoto wa Sancho atakuwa Sánchez. Ni kama Said kumzaa Salim bin Said, na Salim kumzaa Ali bin Salim: kila kizazi jina linasogea. Tofauti ni kwamba sisi tuna bin na binti, ilhali -ez haichagui, mwanamume na mwanamke sawa. Baadaye majina hayo yaliganda: jina likakaa lilipo, likarithiwa bila kubadilika. Kwa hiyo usimtafute Sancho katika ukoo wa Sánchez wa leo. Huenda alifariki miaka mia saba iliyopita. García lenyewe liliganda bila mkia. Lenye mkia ni Garcés.

Wareno wana mkia huohuo, ila wao huandika -es. Sasa njoo Mombasa. Ureno iliitwaa Goa, huko India, mwaka 1510 na kuishikilia hadi 1961. Wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, na wajukuu wao ndio waliokuja Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Kampala kama makarani, mafundi cherehani, wapishi na wanamuziki. Fernandes wa Mombasa, basi, kwa kawaida ni Mgoa: jina limetoka Ureno, damu ni ya India. Kitambulisho ni herufi ya mwisho. Ukiona s, fikiria Ureno na Goa. Ukiona z, fikiria Hispania na Amerika ya Kihispania. Na tafadhali, karani asiyeyajua haya asije "akasahihisha" s kuwa z kwenye cheti. Hati mbili zikitofautiana herufi moja, mwenye jina ndiye atakayehangaika.

Swali: Kazini kwetu kuna Mfilipino anaitwa Garcia. Anasema hana asili ya Hispania. Inawezekanaje? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Anasema kweli. Ufilipino ilikuwa koloni la Hispania, na tarehe 21 Novemba 1849 gavana Narciso Clavería alitoa amri kila familia iwe na jina la ukoo la kudumu. Lengo lilikuwa kodi na hesabu ya watu: wengi walikuwa wamejichagulia majina ya dini kama de los Santos na de la Cruz, na makarani wakashindwa kutofautisha nani ni nani. Yakachapwa majina, yakiwemo ya Kihispania, katika katalogi kwa mpangilio wa alfabeti, na kurasa zake zikagawiwa miji. Ndiyo sababu kuna miji ambayo majina ya koo nyingi yanaanza na herufi moja. Kule jina huandikwa Garcia, bila alama juu ya i.

Swali: Mume wangu ni Mhispania, na tunatarajia mtoto. Fomu zetu zinataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Tujazeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Hongera. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Tuseme mtu anaitwa Ana María García López. Majina yake binafsi ni mawili, Ana María, na ya ukoo mawili, García López. Karani huchukua García akaliweka "jina la kati", na López likabaki peke yake kama la ukoo. Tayari ameumba mtu mwingine. Dawa ni kuangalia mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti. Wa kwanza utaanza hivi:

P<ESPGARCIA<LOPEZ<<ANA<MARIA

Alama < mbili zikifuatana zinatenga jina la ukoo na majina binafsi. Vyote vilivyo kati ya ESP (kifupi cha Hispania) na hizo mbili ni jina la ukoo, na vyote viandikwe kwenye nafasi ya jina la ukoo, hata kama ni maneno mawili. Tiketi ya ndege nayo ifuate hivyohivyo. Alama za mkazo hazimo kwenye mstari huo, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta kwenye kibodi.

Mtoto, kwa sheria ya Hispania, huchukua jina la kwanza la ukoo la kila mzazi. Ikiwa mume ni García López na wewe jina lako la ukoo ni Mwinyi, mtoto atakuwa García Mwinyi au Mwinyi García. Tangu 1999 wazazi wanaweza kukubaliana la mama litangulie, na tangu 2017 la baba halipewi tena kipaumbele: lazima mseme wenyewe. Msipokubaliana, msajili huwapa siku 3, kisha anaamua yeye kwa maslahi ya mtoto. Kaeni mlizungumze mapema, kwa sababu mpangilio wa mtoto wa kwanza utawafunga wadogo zake wote. Wewe huhitaji kubadili jina lako. Wanawake wa Hispania hawalibadili wakiolewa.

Swali: Tovuti moja inaniuzia "nembo rasmi ya ukoo wa García". Ninunue? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Usinunue. Nembo ilitolewa kwa mtu na uzao wake, si kwa kila mwenye jina.

Swali: Linatamkwaje? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Sehemu kubwa ya Hispania husema Garthía, th ya "thelathini". Amerika ya Kihispania husema Garsía. Mkazo uko kwenye i, silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapouweka. Kosa letu ni kuimeza r tukasema "Gasia".