Bustani ya Nyumbani Mombasa: Piga Hesabu ya Udongo na Maji Kabla ya Maua

Fundi wa bustani akija kwako, akatazama uwanja mara moja na kusema, "Mama, hii kazi ni laki mbili na nusu, kila kitu," usianze kupatana naye bei. Mwambie kwanza aandike: udongo malori mangapi, nyasi mita mraba ngapi, miche mingapi na ya aina gani, vibarua wangapi kwa siku ngapi. Bei ya jumla huwezi kuilinganisha na ya fundi mwingine, na kazi ikikwama katikati hutajua pesa zimeishia wapi.

Nimesimamia bustani yetu hapa Bamburi na ya dada yangu kule Kisauni, na majirani huniletea makadirio yao niyapitie kabla hawajalipa. Mara nyingi maua yameandikwa moja moja, hadi chungu cha mlangoni. Udongo na maji, vinavyokula pesa kuliko vyote, vimepewa mstari mmoja au havimo kabisa.

Anza na kilichoko chini. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kila uwanja una siri yake. Chukua mtaimbo, upige kwenye pembe zote nne na katikati. Kwetu, upande wa lango ulizama vizuri. Upande wa jikoni uligonga jiwe kabla ya kufika shubiri moja. Penye jiwe, shimo la mti ni kazi ya sululu na kibarua wa kutwa, na mche wenyewe utapata taabu kuteremsha mizizi. Kwa hiyo mwarubaini tukaupanda langoni, na jikoni tukaweka vyungu vikubwa vya asumini na mrehani. Hatukulipa hata senti ya kuvunja mwamba.

Halafu shika futikamba. Tuseme mahali pa nyasi ni mita 10 kwa 8, yaani mita mraba 80. Nyasi zikae vizuri zinataka udongo wa kina cha sentimita 15 hivi. Zidisha 80 kwa 0.15, unapata mita 12 za ujazo. Lori la tani 7 hubeba takriban mita 5 za ujazo za udongo, kwa hivyo unahitaji malori mawili na nusu. Agiza matatu, maana udongo ukinyeshewa hushuka. Fundi aliyeandika lori moja atakutandazia sentimita 6, na jua la Januari litazimaliza nyasi zote. Aliyeandika sita, muulize matatu yaliyozidi yanakwenda wapi.

Udongo ukifika, usikubali umwagwe kabla hujauona. Chukua konzi, uloweshe kidogo, uufinye. Ukisambaratika hapo hapo, ni mchanga, na maji yote yatapita. Tazama pia kama kuna vijifundo vyeusi vya ndago. Ndago zikishaingia uwanjani utalipa mtu wa kupalilia miezi na miezi, na gharama hiyo hakuna fundi anayeiandika.

Anayeona udongo ni kitu cha kubania pesa, na aende Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama hapa Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kujaribu miti, na mivinje ikawa miongoni mwa michache iliyoshika. Wakaletwa majongoo wayale majani yake makavu, na udongo ukaanza kujijenga polepole, mwaka baada ya mwaka. Sisi wenye uwanja mdogo tunaununua kwa lori kwa sababu hatuna muda huo.

Sasa maji, na hapa nakuomba uwe makini zaidi. Wakati wa kaskazi, nyasi changa hunywa kama lita 5 kwa kila mita mraba kwa siku. Kwa zile mita 80 ni lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20, kila siku. Kwa mwezi ni lita 12,000, zaidi ya boza zima, yaani lori la maji, la lita 10,000. Maji ya mfereji mitaa mingi ya Mombasa hayaji kila siku, basi piga hesabu hiyo kwa bei ya boza la mtaani kwenu. Kama kisima chako kina chumvi, chagua nyasi za paspalamu na mimea inayoivumilia, kama mnazi na mvinje. Ua zuri la iksora la dukani, kwenye ardhi yetu yenye chokaa nyingi, hugeuka manjano upesi.

Dada yangu alipoona hesabu ya maji, alipunguza nyasi zikabaki sehemu ndogo ya watoto kuchezea, kwingine akamwaga kokoto. Alipanda mwanzoni mwa Aprili, mvua za masika zikamnyweshea, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi hapa kwetu. Ukiweza kusubiri msimu, subiri.

Kabro, yale mawe ya kutandika njia na uwanja, hesabu yake ni nyepesi. Mawe ya sentimita 20 kwa 10 yanaingia 50 kwa mita mraba. Ongeza kidogo kwa yatakayovunjika na kukatwa. Hakikisha mchanga wa kulalia na kazi ya kushindilia vimo kwenye bei. Miche nunua midogo. Kwa joto letu bogenvilia hukua haraka, na mche mkubwa unalipia tu muda ambao ungeweza kuungoja.

Juu ya jumla yote weka akiba ya asilimia 10 hadi 15. Lipa kwa awamu: udongo ukishatandazwa, nyasi zikishapandwa, na sehemu ya mwisho zikishashika na kutoa majani mapya. Na kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, iandikwe kwenye karatasi, kwa sahihi zenu wawili, mche ukifa mwezi wa kwanza nani ataleta mwingine.