Begi la mgongoni usilitie mashine

Lioshe kwa mkono. Kung'uta mchanga kwanza, mifuko yote na meno ya zipu, halafu maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche na mswaki wa zamani. Sugua zaidi mikanda na upande wa mgongoni, chumvi ya jasho hukaa huko. Mimi ni fundi mabegi hapa Mtwara mjini. Mengi yanayoletwa baada ya kufuliwa na mashine, utando wake wa ndani unaozuia maji umeshabanduka. Jiki usiguse kabisa, inakula nailoni. Anika kivulini, mdomo chini, zipu wazi, maana jua letu hili linapausha na kudhoofisha kitambaa. Doa la bibo ndilo gumu: likishakauka litafifia tu, halitoki lote.