Wadogo zangu wauguzi, someni, lakini muondoke na barua mkononi

Dirisha la maombi ya vyuo vikuu la TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, likikaribia kufunguliwa mwezi wa saba, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Dada, nina GPA ya 2.6, niombe chuo gani?" "Dada, nimeripoti halmashauri mwezi wa tatu, mwezi wa kumi naweza kwenda kusoma?" Nawapenda sana, ndiyo maana najibu hata nikiwa nimetoka naiti macho yanawaka. Ila mambo haya tuliambiwa na akina mama waliotupokea wodini, wakatuambia kwa sauti kubwa, na bado kila mwaka kuna kijana anajikwaa palepale. Safari hii naandika, ili mwenye kuuliza nimtumie hapa nipate kulala.

1. Stashahada siyo kuvuka tu. Vyuo vya digrii ya uuguzi kwa kawaida vinataka GPA ya 3.0 kwa anayeingia kwa njia ya stashahada, kwa hiyo ukiizoea sapu, mitihani ya kurudia, ukiwa chuo cha uuguzi Ndanda au Nyangao, unajifungia mlango ambao hujaufikia. Tena wanaangalia na cheti cha kidato cha nne. Namjua kijana mmoja hapa mkoani, mikono yake ina baraka: kichanga aliyenyauka kwa kuharisha, mshipa anaupata mara ya kwanza sisi wengine tumeshahangaika. Matokeo yake ya NTA level 6, yaani stashahada, ni mazuri mno. Kilichomkwamisha ni masomo ya kidato cha nne, aliyoyaacha na F akasema hayana kazi kwa nesi. Sasa anariseti kama PC, mtahiniwa wa kujitegemea, anasoma hesabu usiku pamoja na mwanawe aliye sekondari, na mtoto ndiye anayemsahihisha. Nampigia makofi. Wewe ambaye hujapata mtoto, riseti sasa.

2. AVN, namba ya kuthibitisha stashahada yako, ifuatilieni mapema. Bila namba hiyo ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, mfumo wa maombi haukutambui, na ikiwa chuo chako hakijapandisha matokeo, wiki ya mwisho ya dirisha siyo wakati wa kuanza kugundua.

3. Ruhusa ya mwajiri. Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kuna dada tulikuwa tukipokezana shifti. Ameniruhusu nimsimulie bila jina, akasema nisipunguze kitu. Aliajiriwa serikalini kwa stashahada, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, akiwa bado kwenye mwaka wa majaribio. Akaomba digrii Dar es Salaam, akachaguliwa. Furaha aliyokuwa nayo wodi nzima tuliisikia. Alipokwenda kwa mganga mkuu wa wilaya akaambiwa asubiri: athibitishwe kwanza kazini, kisha jina lake liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Yeye akasikia "asubiri" akaona nafasi inampotea. Baba yake alikuwa ameuza korosho za msimu ule na kumkabidhi fedha ya ada yote, mzee wa Newala ambaye hakuwahi kuona mtu wa ukoo wake akivaa joho. Utamwambiaje mzee huyo kwamba safari imeahirishwa?

Akaondoka. Wenzake wakamfunika, mmoja anachukua naiti zake, mwingine anamsainia rejista. Walidhani wanamsaidia. Siku alipohitajika kazini hakuwepo, na hakukuwa na karatasi hata moja ya kueleza alipo. Utumishi wa umma una kanuni, na kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa kunatosha kukufikisha kwenye kufukuzwa. Mshahara ukasimama. Hati ya mashtaka ikatoka. Yeye yuko darasani anafanya mtihani wa muhula, huku nyumbani kazi inaondoka. Waliomsainia nao wakaandikiwa barua za kujieleza, na mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi minane.

Alimaliza digrii. Alifanya internishipu mwaka mzima, akapata usajili wake kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ni muuguzi mzuri kuliko wengi wetu. Lakini ajira ile ya serikali ilishafutika, na leo anafanya kazi hospitali binafsi kwa mkataba unaohuishwa kila mwaka. Mwenzake waliyeajiriwa pamoja alisubiri mwaka mmoja tu. Akathibitishwa, akaingia kwenye mpango, akaenda kusoma mshahara ukiingia kila mwezi, akarudi akabadilishiwa muundo, yaani cheo cha kada, kuwa Afisa Muuguzi, cheo cha mwenye digrii. Kilichowatenganisha ni subira ya mwaka mmoja na barua ya ukurasa mmoja. Dada huyu hunipigia kila akisikia kijana wa kusini amechaguliwa chuo, swali lake ni moja: "Ana ruhusa?"

Kwa hiyo nasema kwa ukali wa upendo: andika barua, ipite kwa incharji wako, msimamizi wa wodi au kituo, kwa mganga mkuu wa wilaya, hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Nakala yako igongwe muhuri wa masjala. Usikubali ruhusa ya mdomo, hata iwe ya mtu unayemheshimu kama mama yako, kwa sababu akihamishwa kesho anahama na mdomo wake.

4. Soma kitu kinachokaa kwenye muundo wa kada yako. Digrii ya maendeleo ya jamii ni elimu nzuri, lakini haikufanyi Afisa Muuguzi, na Baraza halitakusajili kwayo.

5. Leseni na pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu kazini: usingoje leseni iishe ndipo uanze kutafuta semina.

6. Digrii siyo njia pekee, na hili linaniuma kwa sababu hamlisikii. Mwenye cheti cha NTA level 5 anaweza kwenda level 6 na kuwa na stashahada. Kuna kozi ya usingizi ya mwaka mmoja, ya kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, hospitali ya KCMC ya Moshi wanayo, na huko huko kuna uuguzi wa macho. Anayependa kufundisha aulizie CEDHA, kituo cha kuandaa walimu wa afya, Arusha. Mwenye digrii anaweza kwenda MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, kwa uzamili wa ukunga, afya ya akili au wagonjwa mahututi. Lakini kama unaniuliza mimi, mtu wa Mtwara na Lindi ninayeijua barabara ya Liwale wakati wa masika, nitakuambia usingizi. Vituo vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji. Mama akifika na uchungu uliokwama, daktari yupo, chumba kipo, vifaa vipo, na asipokuwepo wa kumlaza usingizi anapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali ya Sokoine, Lindi, au Ligula, Mtwara, saa kadhaa njiani. Nimempokea mama wa namna hiyo. Mtoto hatukumuwahi. Muuguzi mmoja mwenye kozi ile ya mwaka mmoja, kwenye kituo kile, angebadilisha usiku ule. Halmashauri nyingi zinapopanga mafunzo huangalia pengo kama hilo, kwa hiyo na ruhusa yenyewe inatoka kwa urahisi zaidi ukiomba kujaza pengo walilonalo.

7. Mliopangiwa zahanati, acheni kulia. Zahanati ndiko utakapoijua patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama, kwa moyo, kwa sababu hakuna wa kumwita.

8. Mwisho, wale mlioko majaribio sasa hivi mkasikia mmechaguliwa: kabla hujamwambia mzee auze korosho, piga picha barua yako ya kuthibitishwa unitumie. Kama hujaipata bado, nipigie hata usiku tuandike pamoja barua ya kuomba kuingia kwenye mpango wa mwaka ujao.