Usiguse brashi kabla hujajua kitabu kitatoka sentimita ngapi

Mkuu acha kwanza. Weka hiyo kalamu chini. Nimesoma uzi wako wa kuchora kitabu cha watoto kwa kompyuta nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo, sikutanii, kwa ajili ya mstari mmoja tu ulioupenyeza katikati kama kitu kidogo: "nachora 1080 kwa 1080 ili niposti Insta pia, kitabu kikiisha nitaikuza iwe 300 ndio nipeleke kuchapa". Umeuliza programu ipi ya kuchorea, Photoshop au Krita, umeuliza tablet ipi ya kuchorea kwa laki mbili na nusu, umeuliza ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inapatikanaje, na wadau hapo juu wamebishana Photoshop na Krita kurasa mbili nzima wanatoleana mapovu, hakuna hata mmoja aliyeuona huo mstari. Hiyo "nitaikuza" yako ndio ilinila mimi milioni mbili na laki moja.

Ngoja nikusimulie afu utacheka, cheka tu, mi mwenyewe siku hizi nacheka.

Nilikua na hadithi ya watoto, bibi na mbuzi wake mtoro, kurasa 28 na kava, kitabu cha mraba sentimita 21 kwa 21 kama hicho chako. Nikafungua kanvasi, yani ukurasa wa kuchorea kwenye programu, ya pikseli 1200 kwa 1200, pikseli ni vile vidoti vya rangi vinavyounda picha. Kwa nini 1200? Kwa sababu laptop yangu ilikua na kioo cha 1366 kwa 768, sasa picha ya 1200 ukiiweka kwa asilimia 100 haienei hata kwenye kioo, inabidi uiburuze juu chini, kwa hiyo akili inakwambia hii picha kubwa sana hii. Hapo ndipo mtego ulipo na ndipo wengi tunapofia. Kioo cha laptop kina pikseli chache, karatasi inataka nyingi, yani picha inayojaa kioo chote inaweza ikatoka kwenye karatasi ukubwa wa kiganja.

Na nilikua na mwalimu bwana. Kuna jamaa wa YouTube, simtaji, ana maiki ya maana na taa za zambarau nyuma yake, alisema kwa mdomo wake "usiumize kompyuta yako na kanvasi kubwa, chora ndogo, mwisho unaandika tu 300 pale kazi imekwisha". Nikamwamini kama mganga. Baadaye kabisa, wakati roho imeshauma vya kutosha, nikapitia kazi zake zote kwenye ukurasa wake, yule bwana hajawahi kuchapa kitu. Hata kadi ya mchango wa harusi hajawahi kuchapa. Kazi zake zote zinaishia kwenye simu, na kwenye simu kila kitu kinapendeza, hata mimi napendeza.

Basi miezi saba nachora. Usiku baada ya kazi, Jumapili, sikukuu. Kurasa 28 zimeisha, nikaenda kwenye sehemu ya ukubwa wa picha, nikaandika 300, nikabonyeza sawa, programu ikafikiria sekunde mbili tatu, picha ikawa kubwa. Nikafurahi! Sikujua kwamba kilichotokea hapo ni kama mchuzi wa watu watano umekuja ugeni wa watu ishirini ukaongeza jagi la maji. Sufuria imejaa ndio, ila onja.

Sasa shika hii hesabu maana ndio kila kitu. Kuchapa kitabu cha rangi wachapaji wanataka pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kitabu chako ni sentimita 21, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, wenyewe wanaita blidi, kwa sababu gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, haikati pale pale kila mara, ikiyumba kidogo bila hiyo nyongeza unabaki na mstari mweupe pembeni. Kwa hiyo upande mmoja ni milimita 216, na hiyo ni pikseli 2551. Ukurasa mmoja 2551 kwa 2551. Picha ikipita kurasa mbili zilizofunguka pamoja ni 5031 kwa 2551. We una 1080. Zidisha mwenyewe uone, ukikuza hiyo, kwa kila pikseli moja uliyoichora kwa mkono wako programu inabidi ibuni nyingine zaidi ya nne. Inabuni! Inaangalia jirani wa kushoto na jirani wa kulia inakadiria katikati. Ndio maana mistari inakua kama imechorwa kwenye karatasi iliyomwagikiwa chai.

Kama huniamini fanya hivi sasa hivi. Kwenye Photoshop fungua ile sehemu ya ukubwa wa picha, toa tiki kwenye risampo (Resample, ndio inayoruhusu programu kubuni pikseli), afu andika 300. Pikseli hazitabadilika, zitabaki 1080, ila angalia sentimita. Zitasoma 9.14. Huo ndio ukubwa halali wa kitabu chako, sentimita tisa na kidogo, kitabu cha kuweka mfuko wa shati. GIMP, programu nyingine ya picha, nayo ina sehemu yake ya ukubwa wa kuchapa inafanya vile vile. Na ndio ujue kwamba hiyo namba 72 au 300 peke yake ni lebo tu, picha ya pikseli 2551 ikiwa imeandikwa 72 na ikiwa imeandikwa 300 ni picha ile ile haijapungua kitu, kwa hiyo yule mdau wa juu anayesema "hakikisha umeweka 300 dpi", yani hizo pikseli kwa inchi, bila kuuliza sentimita ngapi, samahani mkuu, hujamsaidia mtu.

Turudi kwenye msiba wangu. Nikapeleka faili kwa mchapaji mmoja Kariakoo kwenye flashi. Kijana wa mapokezi akaifungua, akaiona kwenye kioo, akasema "iko freshi bosi". Hakuvuta karibu hata mara moja! Nikamuuliza na ubora je, akasema mashine yetu kali hiyo. Mashine kali inachapa ukungu kwa ukali, ndugu yangu, ukungu unatoka safi kabisa. Kopi 500, 4,200 kila moja, nusu nilikua nimelipa kabla, nusu nikakopa kikoba.

Siku nafungua boksi la kwanza nilidhani nimepatwa na presha ya macho. Nikafuta macho. Nikatoka nje kwenye jua. Mbuzi ana manyoya kama moshi. Macho ya bibi yamevimba. Na hapa ndipo pananiuma mpaka leo, yule bibi nilimvalisha kanga, na kanga yake nilikaa siku mbili naichora na pindo lake na jina lake kabisa, WEMA HAUOZI, maandishi madogo nimeyachora kwa mkono. Kwenye kitabu ile Z imekunjika imejaa ukungu, mtoto wa dada yangu, yuko la tatu, akasoma kwa sauti mbele ya watu "wema hauoni". Nikasema kweli mwanangu, hauoni, na mimi pia sikuona.

Maandishi ya hadithi nayo, kwa sababu nilikua fundi wa kila kitu, nilikua nimeyaandika humo humo ndani ya picha afu nikabamiza leya zote, yale matabaka ya mchoro, pamoja, kwa hiyo herufi zikageuka pikseli na zenyewe zikakuzwa na zenyewe zikapata ukungu. Yani hakuna kilichopona. Maneno yaweke kwenye programu ya kupanga kurasa, Scribus ni ya bure, picha inakaa chini maneno yanakaa juu yakiwa maneno, yanatoka makali hata picha yako ikiwa mbovu. Na yawe meusi ya wino mweusi mtupu, yakichanganywa rangi zote nne, karatasi ikisogea nusu milimita kwenye mashine kila herufi inaota kivuli.

Nilikua nimeshaongea na shule mbili za chekechea, zichukue kopi 120. Mwalimu mkuu wa kwanza, mama mmoja mstaarabu sana, akafungua, akafunga, akafungua tena, akaniuliza kwa upole, "mwalimu, hii ni kopi ya kuonyesha au ndio chenyewe?" Nikasema ya kuonyesha. Nikaaga. Ya pili sikwenda kabisa.

Kopi zikakaa chini ya kitanda mwaka mzima. Nikamwambia mama watoto basi chana ufungie maandazi angalau, akajaribu, akarudi ananiambia hata hiyo kazi hayawezi, ile karatasi ni ya kung'aa imepakwa, hainyonyi mafuta. Kitabu kimeshindwa kua kitabu, kimeshindwa kua hata gazeti.

Najua mtu atakuja hapa chini kusema siku hizi kuna akili mnemba inakuza picha bila kuharibu. Nilijaribu hiyo kabla sijakubali yaishe. Ngozi ilitoka nzuri sana, mbuzi nae akapata manyoya mpaka kwenye pua, ila ile kanga ikaandikwa lugha ambayo haipo duniani na bibi akaongezewa meno. Inabuni vizuri zaidi, ila bado inabuni, na haijui wewe ulichora nini.

Laptop yako umesema ina RAM ya GB 4, ndio maana unaogopa kanvasi kubwa, naelewa, hata mi hiyo ndio ilinitia hofu. Hesabu yake iko hivi, ukurasa wa 2551 kwa 2551 leya moja ikijaa inakula kama MB 26. Leya kumi ni 260, inabeba. Leya hamsini hapo ndio feni inalia kama mashine ya kusaga. Kwa hiyo kila ukurasa faili lake, usiweke kitabu kizima faili moja, na ukimaliza sehemu, tuseme mandhari ya nyuma, sevu nakala pembeni afu unganisha leya zake ziwe moja. Programu funga zingine zote, Chrome hasa. Taratibu inaenda. Ukichora ndogo kwa ajili ya spidi utaenda haraka kuelekea chini ya kitanda changu, kuna nafasi.

Na zile kurasa 6 ulizomaliza usizitupe na usilie. Fungua kanvasi mpya ya saizi halali, ingiza ile picha ya zamani kama leya ya chini, ikuze mpaka ijae, hapo ruhusa kukuza maana ni mchoro wa kufuatisha tu, ififishe (opacity) mpaka ionekane kwa mbali, afu chora upya juu yake. Maamuzi yote umeshafanya, mkono unafuata tu. Mi kurasa 28 za miezi saba nilizirudia kwa miezi minne, na bibi wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza. Ya Insta unatoa kopi ndogo kutoka kwenye kubwa, kupunguza hakuna shida kabisa, kukuza ndio dhambi.

Rangi kwa kifupi tu maana naona naandika kitabu kingine: kioo kinatoa mwanga, karatasi inapakwa wino wa aina nne, ile bluu ya kuwaka na kijani cha kuwaka wino hauwezi. Bahari yangu ilitoka kama maji ya kuoshea vyombo. Krita ina CMYK, yani rangi kwa hesabu ya hizo wino nne, ndani yake, Photoshop ina sehemu ya kukuonyesha rangi zitakavyotoka, itumie mapema kabla hujapenda bluu ambayo hutaipata. Wasifu wa rangi, lile faili linaloiambia programu wino na karatasi yake vinatoaje rangi, muombe mchapaji mwenyewe.

Ila hata hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni hii, kabla hujachora ukurasa wa saba mpigie mchapaji umuulize sentimita ngapi na blidi milimita ngapi, weka kanvasi, maliza ukurasa MMOJA, nenda nao steshenari yoyote wachape kwa ukubwa wake halisi, wasichague ile ya kutosheleza karatasi (fit to page) inayobadili ukubwa, hata kama itatoka kipande tu sio ukurasa wote. Buku moja hiyo, au mbili. Kiangalie kwa umbali ambao mtoto anashika kitabu. Mi ningetoa buku siku ile nisingekua na stori ya kukusimulia leo. Toleo la pili nilifanya hivyo hivyo, kopi 300 tu safari hii, na kijana wa mapokezi aliposema iko freshi bosi nikamwambia leta nivute mwenyewe.

Na ukituma faili usipitishe kama picha ya WhatsApp tafadhali, inaikamua, tuma kama dokyumenti au peleka flashi. Kuna mtu alichora 2551 zake vizuri kabisa akazituma kama picha za sendoff.

Sasa fungua lile faili uniandikie hapa namba mbili, upana na urefu kwa pikseli, usiniandikie dpi, sitaki dpi. Na umesema Ijumaa unakwenda kulipa advansi. Usiende Ijumaa.