Maswali na majibu: Mozart, Salieri na ushahidi wa mwenye kijicho

Tangu nilipoitaja katika safu hii filamu ya Amadeus, iliyoongozwa na Miloš Forman mwaka 1984, nimepokea maswali kutoka Kigoma, Kasulu na kwa jirani zetu wa Tabora. Kwa ambao hawajaiona, ni filamu inayohusu maisha ya mtunzi Wolfgang Amadeus Mozart, lakini msimulizi wake ni mtu mwingine: Antonio Salieri, mtunzi wa ikulu mjini Vienna, ambaye sasa ni mzee aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, anamweleza padri jinsi alivyomwonea kijicho kijana aliyemzidi kipaji na jinsi alivyomwandama hadi kufa. Ninawaomba wasomaji walizingatie hilo kabla ya lolote, kwa sababu karibu kila swali mliloniletea linatokana na kumwamini shahidi huyo kupita kiasi.

Niliitazama katika kibanda cha video hapa Ujiji, na mtafsiri alisema waziwazi kwamba Salieri alimtilia Mozart sumu. Ni kweli?

Si kweli, na hata filamu yenyewe haimwonyeshi akitia sumu, bali inamwonyesha akimtisha na kumchosha mgonjwa kwa kazi. Mozart aliugua Novemba 1791 akafariki tarehe 5 Desemba, akiwa na umri wa miaka 35, na kumbukumbu ya kifo chake ilitaja homa kali yenye vipele, maelezo ambayo madaktari wa leo bado wanabishana juu ya maana yake. Ni kweli kwamba mjane wake, Constanze, alieleza baadaye kwamba marehemu mwenyewe alishuku amelishwa sumu. Miaka ya 1820, Salieri alipokuwa mgonjwa hospitalini, ikavuma kwamba amekiri, ingawa waliomhudumia walikanusha. Mwaka 1830 mshairi Mrusi Pushkin aliugeuza uvumi huo kuwa mchezo mfupi, na mwaka 1979 Peter Shaffer akaandika mchezo wa jukwaani uliozaa filamu hii.

Sasa tuutazame ushahidi wa upande wa pili. Katika barua ya tarehe 14 Oktoba 1791, wiki chache kabla ya kifo chake, Mozart alimwandikia mkewe kwa furaha kwamba amempeleka Salieri kutazama opera yake mpya, Die Zauberflöte, na kwamba mgeni wake alisikiliza kwa makini na kushangilia kila kipande. Mwaka 1785 wawili hao walishiriki kutunga wimbo mmoja ambao nakala yake ilipatikana Prague na kutangazwa mwaka 2016. Zaidi ya hayo, Franz Xaver, mtoto wa mwisho wa Mozart, alifundishwa muziki na Salieri huyo huyo, na sidhani kama mama angempeleka mwanawe kwa mtu anayemshuku kuwa alimwua mumewe.

Kuhusu mtafsiri nina neno, ingawa hukuniuliza. Akizungumza, sauti ya filamu hushushwa, jambo lisilo na hasara kubwa katika picha ya mapigano. Katika filamu hii, hata hivyo, kuna mahali ambapo Salieri anaeleza kipande cha ala za kupuliza alichokisikia kwa mara ya kwanza: mwanzo wa kawaida kabisa, ala nzito zikienda taratibu, kisha obo moja ikidaka noti ya juu na kuning'inia nayo hadi klarineti iipokee. Muziki unasikika sambamba na maneno yake, naye mtazamaji anaelewa kwa masikio kilichomtia mtu yule wazimu. Aliyeliona tukio hilo huku mtafsiri akipiga soga juu yake hajaliona.

Mimi ni mwalimu Kasulu. Wanafunzi wangu wanasema Mozart aliandika bila kufuta hata noti moja, kwa hiyo mwenye kipaji hahitaji mazoezi. Niwajibu nini?

Shikamoo mwalimu. Wamelitoa katika tukio ambalo Constanze anampelekea Salieri karatasi za mumewe, naye anastaajabu kuzikuta hazina sahihisho. Ni kweli kwamba Mozart alikuwa mwepesi kupindukia, lakini rasimu zake zenye mistari iliyokatwa na vipande alivyovianza akaviacha zipo hadi leo. Mwaka 1785, alipomtunukia mtunzi mwenzake Haydn vipande sita vya ala nne za nyuzi, aliandika mwenyewe kwamba ni tunda la kazi ndefu na ngumu. Wakumbushe pia kwamba baba yake, Leopold, mwanamuziki na mwalimu mkali, alimfundisha tangu utotoni na kuanza kumzungusha katika kumbi za watawala wa Ulaya alipokuwa na miaka sita tu.

Kwa nini mtu maarufu kiasi kile alitupwa katika kaburi la halaiki, mvua ikinyesha? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Hakutupwa. Alizikwa kwa mazishi ya kawaida ya watu wa Vienna wa wakati ule, chini ya kanuni za Mfalme Joseph II zilizopunguza fahari makaburini, na shajara ya siku hizo inataja hali ya hewa tulivu yenye ukungu. Madeni alikuwa nayo kweli, kwani barua zake za kukopa kwa rafiki yake Puchberg zinasikitisha kuzisoma, lakini tangu mwisho wa 1787 alikuwa pia na mshahara wa ikulu.

Kwaya yetu ya Tabora inaimba Ave Verum Corpus yake. Aliitunga lini, na ile Misa ya Wafu ya kwenye filamu iliagizwa na nani?

Aliitunga Juni 1791, miezi sita kabla ya kufariki, kwa ajili ya rafiki yake Anton Stoll aliyekuwa kiongozi wa kwaya katika mji wa Baden. Ina mizani 46 tu, nanyi mnaoiimba mnajua jinsi ufupi huo unavyowadanganya waimbaji wanaodhani ni rahisi.

Misa ya Wafu iliagizwa kwa siri na Franz von Walsegg, bwana mwenye cheo aliyefiwa na mkewe kijana, ambaye alikusudia kuitumia kama utunzi wake mwenyewe. Mozart alifariki kabla ya kuimaliza, na mwanafunzi wake Süssmayr akaikamilisha. Salieri hakukaa kando ya kitanda akiandika anayotamkiwa, lakini katika uongo wote wa filamu hii, huo ndio ninaousamehe kwa moyo mweupe. Mgonjwa anaanza na sauti ya besi, anaongeza ya tenori, kisha tromboni na ngoma, halafu nyuzi, kila sehemu ikisikika peke yake kabla ya zote kuungana. Mwanakwaya akilitazama tukio hilo mara moja ataelewa kwa nini mwalimu wake husisitiza kila sauti ijifunze peke yake kwanza.

Kwa nini hatuna filamu kama hiyo ya Mbaraka Mwinshehe?

Kisa hakikosekani. Mbaraka, mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro, aliihama Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na mji wake ulikuwa na bendi mbili mahasimu, Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Kinachotuponza, kwa maoni yangu, ni kwamba tukimsimulia marehemu tunamsifu tu. Ningependa kuiona filamu inayosimuliwa na mpiga gitaa wa kubuni wa bendi pinzani, mzee mwenye donge moyoni, ambaye kila anapojitahidi kumponda Mbaraka, gitaa linasikika na kumkana.

Je, ninaweza kuitazama na wanangu wadogo?

Hapana, wasubiri wakue. Filamu inaanza na mzee aliyejikata koo, na toleo refu la mwaka 2002 lina tukio la Constanze kuvua nguo mbele ya Salieri. Kwa vijana wa sekondari, tafuta toleo la kwanza la 1984.