Hiyo baiskeli ya Peugeot ni ya Ufaransa, sio Italia

Mkuu umeuliza kama hiyo baiskeli yako ya zamani ya Peugeot ni ya Italia na ina thamani gani, hiyo ni ya Ufaransa, aliyekuuzia Mbuyuni kakudanganya kuhusu Italia. Peugeot ni Wafaransa, gia za Simplex na breki za Mafac ulizopiga picha ni za hukohuko, na hiyo stika ya Carbolite 103 kwenye fremu inaiweka kati ya mwishoni mwa miaka ya 70 na miaka ya 80. Ila kwa bei usiweke matumaini makubwa, Carbolite ni chuma cha kawaida walichotoa kwa wingi, zinazotafutwa ni zile za stika ya Reynolds 531 (aina ya chuma bora cha fremu) kama modeli ya Peugeot PX-10, hizo ndo watu wanatoa hela. Mimi nazifungua sana hapa Moshi na kinachosumbua ni spea, kwenye ekseli ya pedeli Peugeot nyingi za zamani zina uzi (thread ya kufungia kwenye fremu) wa Kifaransa wa kipenyo cha milimita 35 wakati za kawaida ni kama 34.8, fundi akilazimisha anaua fremu kabisa, kwahiyo pima kwanza. Na tafadhali usiipige rangi, rangi ya kiwandani na stika zake ndo thamani yenyewe, ing'arishe tu.